Banjo ya nyuzi tano: maumbo matatu ya kodi yanayohama shingo nzima

Maswali ni yale yale kila wiki. "Kaka, nitumie chati ya kodi zote za banjo." "Nimeshajua G, C na D7, inayofuata ni ipi?" "Mama kaanzisha pambio kwa B flati, mimi nimebaki naangalia vidole." Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Jibu fupi ni kwamba chati huihitaji. Kwenye banjo ya nyuzi tano iliyotyuniwa G kuna maumbo matatu tu ya kodi za meja, zile zenye mlio mchangamfu. Ukiyashika hayo matatu, na ukajua katika kila umbo ni kidole kipi kimekalia noti inayoipa kodi jina, tayari unazo kodi zote 12 za meja, na kila moja unaipata sehemu tatu za shingo. Umbo halibadiliki. Unachobadilisha ni freti, yaani zile nafasi zilizogawanywa na nyaya zinazokatiza shingo.

(Kodi ninayosema ni ile ya wapiga gitaa, noti kadhaa zinazolia pamoja. Ile ya serikali ina watu wake.)

Kabla ya lolote, hakikisha banjo tunayoizungumzia ni moja. Hii ni ile yenye uzi wa tano mfupi, ambao kigingi chake kimekaa ubavuni mwa shingo karibu na freti ya 5. Ndiyo banjo ya bluegrass (muziki wa Marekani wa vyombo vya nyuzi), aliyoipiga gwiji Earl Scruggs kwa vidole vitatu, na ndiyo aliyokuja nayo Mmarekani Béla Fleck mwaka 2005 alipopita Uganda na Tanzania na kupiga pamoja na mwanamuziki wa Tanzania, Anania Ngoliga. Kama yako ina nyuzi nne, inatyuniwa tofauti na maumbo haya hayatakufaa. Kama ina nyuzi sita, hiyo ni gitaa lililovaa ngozi, tumia kodi zako za gitaa. Na kama uko Mombasa na unapiga taishokoto ya kwenye taarab, ile ya vibonye ambayo wengine huiita banjo, samahani, hapa sina la kukusaidia.

Vitu vya kuwa navyo

Banjo yenye nyuzi zote tano. Unacheka, lakini nimewahi kuletewa yenye nyuzi tatu, na mwenyewe anauliza kwa nini C yake hailii.

Nyuzi za akiba. Maduka mengi ya muziki huku yana nyuzi za gitaa, za banjo ni za kubahatisha. Usihangaike. Nunua nyuzi nyepesi za gitaa la umeme: 0.009 au 0.010 kwa uzi wa 1 na wa 5, 0.011 kwa wa 2, 0.013 kwa wa 3, na ule uliosokotwa wa 0.020 au 0.021 kwa wa 4. Uzi wa gitaa una kipete kidogo cha shaba mwishoni, wakati banjo inataka kitanzi kitupu. Bana kipete hicho kwa koleo mpaka kipasuke au kichomoke, kitanzi kitabaki. Fanya taratibu, maana ukikibana vibaya unakata uzi wenyewe, na fanya ukiwa umekiinamisha chini, visije vipande vikakurukia machoni.

Tyuna. Programu ya simu inatosha ukiwa chumbani. Kanisani au ukumbini, ambako kuna kinanda na ngoma, tafuta ile ya kubana kichwani mwa shingo, maana inasikiliza mtikisiko wa mbao, haisikilizi kelele za hewani.

Mkanda wa begani, hata kama utapiga umekaa. Hili watu hulidharau. Banjo nyingi ni nzito, na bila mkanda mkono wa kushoto unakuwa na kazi mbili: kushikilia shingo isianguke na kubana nyuzi. Mkono unaoshikilia shingo hauwezi kuhama, na somo zima hapa ni kuhama.

Kucha za chuma za vidole vya kulia si lazima kwa sasa. Pigia vidole vitupu kwanza, utasikia vizuri uzi upi umekufa.

Hatua ya 1: tyuni G, halafu hakiki bila tyuna

Kuanzia uzi wa 4, ule mnene, kwenda wa 1: D, G, B, D. Uzi wa 5, ule mfupi, ni G ya juu.

Ukimaliza kwa tyuna, hakiki kwa sikio. Bana uzi wa 4 freti ya 5, ulie sawa na uzi wa 3. Bana wa 3 freti ya 4, ulie sawa na wa 2. Bana wa 2 freti ya 3, ulie sawa na wa 1. Bana wa 1 freti ya 5, ulie sawa na wa 5. Piga nyuzi zote bila kubana kitu. Hiyo ni kodi ya G kamili, hujafanya kazi yoyote. Kumbuka jambo hilo, ndilo mlango wa umbo la kwanza.

Kuanzia hapa nikiandika namba nne, kwa mfano 3-2-1-3, nasoma kuanzia uzi wa 4 kwenda uzi wa 1. Sifuri ni uzi ulioachwa wazi. Uzi wa 5 hauhesabiwi, tutaurudia mwishoni.

Hatua ya 2: umbo la mstari

Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote nne kwenye freti ya 2. Hiyo ni 2-2-2-2, kodi ya A. Isogeze mpaka freti ya 5, imekuwa C. Freti ya 7 ni D. Freti ya 12 umerudi G.

Noti mama, yaani noti inayoipa kodi jina, iko uzi wa 3. Kwa hiyo ukitaka kujua umeshika kodi gani, uliza uzi wa 3 peke yake: hapo nilipobana ni noti gani?

Onyo: usiulaze kidole kifudifudi kabisa. Kiviringishe kidogo kuelekea upande wa kichwa cha shingo, ili ule ubavu wake wenye mfupa ndio ubane, na kikae karibu kabisa na waya wa freti. Katikati ya freti mbili utahitaji nguvu zaidi na bado uzi utakoroma. Dole gumba likae nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha shahada, lisichungulie juu kama la mtu anayebana panga.

Hatua ya 3: umbo la F

3-2-1-3. Kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 3. Cha kati uzi wa 3 freti ya 2. Cha shahada uzi wa 2 freti ya 1. Cha mwisho uzi wa 1 freti ya 3. Hiyo ni F.

Noti mama iko uzi wa 4, na pia uzi wa 1, chini ya kidole cha pete na cha mwisho. Sogeza umbo zima freti mbili juu: 5-4-3-5. Ni G. Endelea mpaka 10-9-8-10. Ni C.

Hapa ndipo watu wanaponipigia simu. Kidole cha mwisho hakitaki. Kinajikunja, kinatetemeka, kinagusa uzi wa 2 na kuuzima. Hakuna dawa ya mkato, ila kuna njia ya kukipunguzia mateso: usianzie freti ya 1. Chini kule nyuzi zinabana zaidi na nafasi kati ya freti ni pana. Anzia 10-9-8-10, ambako freti zimesongamana, mkono ukizoea shuka freti moja kwa siku. Mimi nilianza na F ya chini kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwanza kwenye karatasi niliyopewa, na wiki mbili nzima nikaamini vidole vyangu vina kasoro ya kuzaliwa.

Hatua ya 4: umbo la D

4-2-3-4. Kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 4. Cha shahada uzi wa 3 freti ya 2. Cha kati uzi wa 2 freti ya 3. Cha mwisho uzi wa 1 freti ya 4. Hiyo ni D.

Noti mama iko uzi wa 2, chini ya kidole cha kati.

Linganisha na umbo la F. Pete na mwisho wako nyuzi zile zile. Kilichotokea ni shahada na kati kubadilishana nyuzi. Basi fanya zoezi hili kabla hujaenda popote: shika G ya umbo la F, 5-4-3-5. Usinyanyue pete wala mwisho. Badilisha vile viwili vya ndani: cha shahada kiende uzi wa 3 freti ya 3, cha kati kiende uzi wa 2 freti ya 4. Umepata 5-3-4-5, ambayo ni E flati. Rudi. Nenda. Rudi. Fanya hivyo bila kupiga nyuzi, ukiwa unaangalia mpira kwenye televisheni kama unapenda, mpaka vidole viende vyenyewe.

Na hapa kuna siri ndogo. Ile C uliyofundishwa siku ya kwanza, 2-0-1-2, ni umbo hili hili la D lililorudishwa nyuma freti mbili. Kidole cha shahada kimekosa pa kubana kwa sababu uzi wa 3 uko wazi. Kwa hiyo umbo la D ulikuwa nalo siku zote, hukuwa umelitambulisha tu.

Hatua ya 5: jua noti mama zinakaa wapi

Sehemu hii haina raha, lakini bila hii utakuwa unasogeza maumbo gizani. Kariri mistari mitatu:

Uzi wa 4 na wa 1 (umbo la F): wazi D, 2 E, 3 F, 5 G, 7 A, 9 B, 10 C, 12 D.

Uzi wa 3 (umbo la mstari): wazi G, 2 A, 4 B, 5 C, 7 D, 9 E, 10 F, 12 G.

Uzi wa 2 (umbo la D): wazi B, 1 C, 3 D, 5 E, 6 F, 8 G, 10 A, 12 B.

Shapu ni freti moja mbele, flati ni freti moja nyuma. Nadharia inaishia hapo.

Onyo kwa wanaotoka kwenye gitaa: gitaa lina alama freti ya 9, lakini banjo nyingi zina alama freti ya 10. Nimeona mpiga gitaa mzuri kabisa, mtu wa miaka mingi jukwaani, akipiga kodi ya juu kwa kujiamini, nusu hatua pembeni, na kumkodolea macho mpiga besi kana kwamba kosa ni lake. Hesabu alama za banjo yako kabla hujaziamini.

Jipime hivi: mtu akutajie kodi yoyote, uishike sehemu tatu ndani ya sekunde kumi. Akisema G: 5-4-3-5, kisha 9-7-8-9, kisha 12-12-12-12. Akisema B flati: 3-3-3-3, kisha 8-7-6-8, kisha 12-10-11-12. Ukiangalia utaona maumbo yanafuatana kwa mpangilio mmoja ukipanda shingo: mstari, F, D, halafu mstari tena. Hayaruki zamu.

Hatua ya 6: nyumba tatu

Kama utasoma hatua moja tu katika andiko hili, soma hii. Nyimbo nyingi za bluegrass, na pambio karibu zote ninazozijua, zinazunguka kodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano, ukihesabu kwa do, re, mi. Katika G ni G, C na D. Katika A ni A, D na E. Mwanafunzi anajifunza maumbo, anayajua, halafu wimbo ukianza anaruka kutoka freti ya 2 hadi ya 9 hadi ya 4 kama panzi. Hakuna haja. Ukiwa popote, kodi nyingine mbili ziko hapo hapo jirani.

Nyumba ya mstari. Kodi ya kwanza umeishika kwa mstari freti fulani. Kodi ya nne ni umbo la D, kidole cha shahada kikibaki freti ile ile. Kodi ya tano ni umbo hilo hilo la D, freti mbili mbele. Mfano katika A: 2-2-2-2, kisha 4-2-3-4, kisha 6-4-5-6.

Nyumba ya F. Kodi ya kwanza ni umbo la F. Angalia kidole cha pete kiko freti gani. Kodi ya nne ni mstari kwenye freti hiyo. Ya tano ni mstari freti mbili mbele. Katika G: 5-4-3-5, kisha 5-5-5-5, kisha 7-7-7-7.

Nyumba ya D. Kodi ya kwanza ni umbo la D. Angalia kidole cha kati. Kodi ya nne ni umbo la F, kidole cha shahada kikiingia freti hiyo hiyo aliyokuwa kidole cha kati. Ya tano ni umbo hilo la F freti mbili mbele. Katika G: 9-7-8-9, kisha 10-9-8-10, kisha 12-11-10-12.

Sasa turudi kwa yule mama wa pambio, maana hata mimi alishanipata. Jumapili moja alianzisha pambio bila kumuuliza mtu, kama ilivyo ada, na kii, yaani noti ambayo wimbo unatulia, ikaangukia B flati. Mpiga kinanda akabonyeza kitufe chake cha kuhamisha kii, akaendelea kutabasamu. Mimi nikajifanya naitengeneza banjo mpaka ubeti wa tatu. Leo ningefanya hivi: mstari freti ya 3, hiyo B flati. Umbo la D kidole cha shahada kikibaki freti ya 3, yaani 5-3-4-5, hiyo E flati. Freti mbili mbele, 7-5-6-7, hiyo F. Akipandisha nusu hatua ubeti wa mwisho, na hakika atapandisha, nami nasogeza kila kitu freti moja. Hata jina la kii sina haja nalo. Nasikiliza noti anayotulia mwishoni mwa mstari, naitafuta kwenye uzi wa 3, nalaza kidole hapo.

Njia ya kufanyia mazoezi: chagua nyumba moja kwa wiki. Weka mdundo wa taratibu, mapigo 60 kwa dakika yanatosha. Piga kodi ya kwanza mapigo manne, ya nne manne, ya tano manne, rudi ya kwanza. Ukikosea usisimame, mdundo usikusubiri. Ukiweza mizunguko mitano bila uzi kufa, sogeza nyumba nzima freti mbili na uanze upya.

Hatua ya 7: kuhama bila kuparamia

Kuna mambo mawili ya mkono wa kushoto ambayo hakuna aliyenieleza.

La kwanza ni kulegeza bila kuachia. Ukitoka 4-2-3-4 kwenda 6-4-5-6, usinyanyue vidole hewani na kuvipanga upya. Punguza nguvu mpaka nyuzi zinyamaze lakini vidole bado vinazigusa, teleza freti mbili, bana tena. Umbo linabaki limeganda mkononi. Tazama vidole vyako kwenye kioo: vikifunguka kama mwavuli kila unapohama, bado hujapata.

La pili, chagua kidole kiongozi. Macho yakifuata vidole vinne kwa pamoja yanachanganyikiwa. Fuata kimoja, kile chenye noti mama, vingine vitamfuata. Na macho yatangulie kufika: angalia freti unayokwenda, usiangalie unayotoka.

Hapa ndipo pia unapopata ule mlio mkavu wa "cha" unaousikia nyuma ya mwimbaji. Tumia maumbo ya F na D, freti ya 5 kwenda juu. Dole gumba la kulia lipige uzi wa 4 kwenye pigo la kwanza, kisha vidole vinyofoe nyuzi za 3, 2 na 1 kwa pamoja kwenye pigo la pili, na papo hapo mkono wa kushoto ulegeze. Nyuzi zinakufa: "ndu-cha, ndu-cha." Wanaoanza huachia mapema mno na kupata kelele tupu, au huchelewa na "cha" inakuwa "chaaa". Umbo la mstari halifai sana kwa kazi hii, maana kidole kimoja kilicholala ni kigumu kukilegeza kwa usawa.

Hatua ya 8: maina na saba

Ili meja iwe maina, kodi yenye mlio wa huzuni, kuna noti moja inashuka freti moja. Ni ipi, inategemea umbo.

Umbo la mstari: shusha uzi wa 2. A ya 2-2-2-2 inakuwa A maina, 2-2-1-2. Kidole cha shahada kinakwenda uzi wa 2 peke yake, vile vitatu vinabeba vilivyobaki.

Umbo la F: shusha uzi wa 3. F inakuwa 3-1-1-3, cha shahada kikilala juu ya uzi wa 3 na wa 2. Ukirudisha freti moja nyuma unapata 2-0-0-2, E maina ambayo huenda ulishaijua.

Umbo la D: hapa zinashuka mbili, uzi wa 4 na wa 1, kwa sababu noti ni ile ile imejirudia. D inakuwa 3-2-3-3.

Kwa kodi ya saba (ile yenye 7 kwenye jina, kama D7), iliyo rahisi kuliko zote ni ya umbo la F. Nyanyua kidole cha mwisho, laza cha shahada kibane uzi wa 2 na wa 1 pamoja. G ya 5-4-3-5 inakuwa G7, 5-4-3-3. Kwenye mstari, ongeza kidole cha mwisho uzi wa 1 freti tatu mbele: A7 ni 2-2-2-5. Hizo mbili zitakufikisha mbali. Nyingine waachie wapiga jazi.

Hatua ya 9: uzi wa tano

Uzi wa 5 hauhami. Ni G, na utabaki G hata ukienda mbinguni. Kwenye kodi za G, C na E maina unakaa ndani. Kwenye D unachoma kidogo, lakini ndiyo ladha ya banjo, usiuogope. Kwenye B flati na wenzake, hasa ukiwa unapiga "cha", usiuguse kabisa.

Wapiga bluegrass wenyewe, wimbo ukiwa A, hufunga kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2 na kupandisha uzi wa 5 mpaka A, wakiubana freti ya 7 kwa kamisumari kadogo kaliko ndani ya shingo. Misumari hiyo ina umbo la ile ya reli, ila ni ya treni za kuchezea. Kama banjo yako haina, unaweza kuukaza uzi wa 5 taratibu hadi A. Kuuvuta zaidi ya hapo ni kuutafutia kifo. Na tafadhali usigongee mwenyewe msumari wa dukani, shingo itapasuka. Kazi hiyo mpe fundi.

Ikigoma

Kodi inalia vizuri chini lakini juu ya freti ya 7 inakuwa chachu. Vidole vyako havina kosa. Kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, hakijagundishwa, kinashikiliwa na mvutano wa nyuzi tu, na kimesogea. Gusa uzi wa 1 kwa wepesi juu kabisa ya waya wa freti ya 12, upige, utatoa mlio wa kengele. Sasa bana freti hiyo hiyo kawaida, upige. Ikiwa uliobanwa uko juu zaidi ya kengele, sogeza kidaraja mbali na shingo. Ukiwa chini zaidi, kisogeze kuelekea shingo. Rudia kwa uzi wa 4. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kukisukuma, na usizilegeze zote kabisa, kitaanguka na utakuwa umepoteza mahali pake.

Uzi mmoja unakufa ndani ya umbo la F. Piga uzi mmoja mmoja kuanzia wa 4. Ukimpata aliyekufa, angalia kidole cha jirani kinachomgusa, mara nyingi ni cha kati kimelala. Kunja kiungo cha mwisho cha kidole, na kata kucha za mkono wa kushoto.

Mstari unatoa nyuzi mbili tu kati ya nne. Sogeza kidole juu au chini kwa milimita chache, ile mikunjo ya viungo imeangukia juu ya uzi. Kama bado, pima umbali kati ya nyuzi na shingo freti ya 12. Zikiwa juu sana, kila kodi ya kuhama itakuwa adhabu, mpelekee fundi.

Gumba linauma kwenye kitako chake. Unabana kupita kiasi. Shika kodi, punguza nguvu mpaka uzi uanze kukoroma, ongeza kidogo sana. Hicho ndicho kipimo. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na yataisha, ila yakiwa ya kifundo cha mkono weka banjo chini siku hiyo.

Kila kitu kiko sawa lakini kodi zote zinasikika vibaya mbele ya kinanda. Uliza kama mpiga kinanda amesahau kuzima kile kitufe chake.